Sherehe ya kuhitimu Kurani

Sherehe ya kuhitimu Kurani ni hafla inayofanyika nyumbani, chuoni au msikitini pale mtoto anapomaliza kusoma msahafu mzima mbele ya mwalimu wake. Katika mji wa Tanga, Pangani na vijiji vya pwani hadi mpaka wa Kenya, haya ni mahafali ya zamani kuliko yale ya shule, kwa kuwa vyuo vya Kurani vilikuwepo muda mrefu kabla ya Wajerumani kufungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Chuo chenyewe mara nyingi ni baraza au chumba katika nyumba ya mwalimu. Watoto wa kike wengi walifundishwa ndani, na mke wa mwalimu au na ndugu wa kike aliyejua kusoma. Hivyo ni elimu ya nyumbani kwa maana halisi ya neno: hakuna wizara inayopanga tarehe ya kumaliza, bali mwalimu na wazazi ndio wanaoamua.

Jina

Neno "kuhitimu" limetokana na Kiarabu, kwa mzizi wenye maana ya kufunga kwa muhuri au kumaliza. Maneno hatima, hitimisho na mhitimu yana asili hiyohiyo. Shule na vyuo vikuu vya leo vinapowaita wanafunzi wao "wahitimu" vinatumia msamiati wa chuo cha Kurani, ingawa ni wachache wanaokumbuka hilo. Hata neno "chuo" zamani lilimaanisha kitabu. Msomaji asichanganye sherehe hii na hitima, yaani kisomo cha Kurani kinachofanywa kumwombea marehemu. Mzizi ni mmoja lakini shughuli ni mbili tofauti.

Safari ya kusoma

Mtoto huanza na herufi za Kiarabu, alifu, be, te, kisha irabu. Zamani aliandikiwa kwenye ubao kwa kalamu ya mwanzi, na alipokwisha kuyajua maandishi uliooshwa na kuandikwa mengine. Baada ya hapo huingia Juzuu Amma, ambayo ni ya mwisho katika juzuu 30 za Kurani na ina sura fupi, kuanzia sura ya 78 hadi ya 114. Kwa kawaida huanza nyuma na kupanda kuelekea mbele, ndiyo maana mtoto anayeambiwa "amefika Bakara" anajulikana kuwa yu karibu kumaliza, japokuwa Bakara ni sura ya pili katika msahafu. Wapo wanaomaliza kwa miaka miwili, wapo wanaochukua sita. Tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977 na sheria ya elimu ya mwaka 1978, watoto wengi husoma chuoni jioni na siku za mapumziko ya shule, na muda wa kumaliza umerefuka.

Kilemba cha mwalimu

Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, anaeleza mtoto anavyopelekwa chuoni na malipo anayopewa mwalimu. Mwalimu wa chuo hakuwa na mshahara. Alipata fedha kidogo kila wiki kutoka kwa wazazi, kazi za mikono za wanafunzi shambani, na mwisho wa masomo alipewa kilemba. Neno hilo lina maana ya nguo ya kichwani na vilevile ya malipo ya fundi au mwalimu anapomaliza kumfundisha mwanafunzi. Hapo ndipo penye kiini cha sherehe hii. Karamu ni nyongeza. Deni linalolipwa mbele ya watu ni la mwalimu. Leo kilemba huwa kanzu, kofia na bahasha ya fedha, au mbuzi kwa mzazi mwenye uwezo.

Maandalizi

Tarehe haipangwi mpaka mwalimu aseme mtoto yuko tayari. Njia yake ya kumpima ni rahisi: hufungua msahafu popote na kumwambia asome. Asiyejua hukwama mara moja, hata kama ameyakariri yale ya mwanzo na ya mwisho.

Baada ya hapo wazazi huchagua siku. Wengi hupenda likizo za shule za Juni na Desemba ili ndugu walio mbali waweze kufika, wengine huiunganisha na maulidi ya Mfungo Sita. Mwezi wa Ramadhani haufai kwa karamu ya mchana. Kualika hufanywa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, na jirani aliyesahauliwa huona amedharauliwa; kadi na ujumbe wa simu vimeongezwa juu ya desturi hiyo, havijaiondoa. Kina mama hugawana kazi za kupika, na daftari la michango hushikwa na mtu mmoja anayeaminika. Pilau ndicho chakula kinachotarajiwa, ingawa kahawa, tende, halua na mkate wa kumimina vinatosha kabisa.

Siku yenyewe

Wavulana huvaa kanzu nyeupe na kofia, wasichana juba na ushungi. Mara nyingi wanafunzi hutoka chuoni kwa matembezi yenye dufu na kasida mpaka mahali penye majamvi. Wanaume na wanawake hukaa sehemu mbalimbali. Mhitimu husoma sura za mwisho kwa sauti, na katika vyuo vingi takbiri hutolewa kati ya sura fupi kuanzia Dhuha. Akifika Annasi hurudi kwenye Fatiha na aya za mwanzo za Bakara, kuonyesha kwamba kumaliza ni kuanza tena. Kisha mwalimu huomba dua, watu humtuza msomaji, ubani na marashi hupitishwa. Penye maulidi husomwa Barzanji, maandishi ya karne ya 18 kutoka Madina.

Mabishano

Gharama ndilo tatizo kubwa. Kuna watoto waliomaliza msahafu lakini hawakufanyiwa chochote kwa mwaka mzima kwa sababu wazazi walikuwa wakingoja fedha za turubai, spika na ng'ombe, na wengine wakaacha kusoma kabla ya siku hiyo kufika. Walimu wenye busara huwakusanya wahitimu wote siku moja, kwa mnyama mmoja na kanzu za aina moja, ili mtoto wa maskini asijulikane. Utaratibu huo ni bora kuliko kila nyumba kushindana na jirani.

Wafuasi wa Answar Sunna hupinga maulidi, na wengine wao huiona hafla nzima ya hitimu kuwa uzushi. Wanaoitetea husema ni shukrani na ni njia ya kumlipa mwalimu. Hoja nyingine, inayotolewa na pande zote mbili, ni kwamba mtoto husherehekewa kwa kusoma maneno asiyoyaelewa. Kwa hiyo baadhi ya madrasa hutaka mhitimu ajue pia tafsiri ya sura fupi na hukumu za sala.

Hati inayotolewa na madrasa haichukui nafasi ya cheti cha Baraza la Mitihani la Tanzania. Ndani ya mtaa, hata hivyo, ina uzito wake: aliyehitimu huanza kusoma vitabu vya fiqhi kama Safinatu Najaa, na jioni hukaa barazani kuwasikiliza wadogo wanaoanza alifu.