Mujabbir na Dhamana Yake: Historia ya Kutibu Viungo kwa Mkono

 

Katika vitabu vyetu vya fiqhi na vya hisba kuna mtu anayetajwa kwa mistari michache tu, na wasomaji wengi humpita haraka wakielekea mlango mwingine. Huyo ni mujabbir, yaani muunga mifupa, ambaye hurudisha kiungo kilichoteguka na kuufunga kwa mabanzi mfupa uliovunjika. Tumeona ni vyema kumrudia, kwa sababu leo Waislamu wenye maumivu sugu ya kiwiko (au kisugudi, kama wasemavyo wengine) huenda kwa watu wanaotibu kwa kuvuta na kusukuma viungo, wakiwamo wa kairopraktiki, kisha huuliza: je, inajuzu? Na mgonjwa akiumizwa, nani anabeba dhamana?

Tuanze na Andalusia. Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 404 Hijriya (1013 Miladiya), aliandika At-Tasrif, kitabu chenye makala 30, na makala ya mwisho ni ya upasuaji. Mlango wa tatu wa makala hiyo wote umehusu kuunga mifupa na kurudisha viungo. Anaufungua kwa malalamiko kwamba kazi hii imeingiliwa na matabibu wajinga na watu wa kawaida ambao hawajapata kutazama kitabu hata kimoja cha waliotangulia. Kuhusu kiwiko anaeleza kuwa ni kiungo kinachotoka kwa taabu na kurudi kwa taabu. Mwenye kujua umbo la kiwiko hatastaajabu, maana mifupa mitatu hukutana hapo, na mmoja umeushika mwenzake mfano wa ndoana. Katika karne ya 12 Miladiya makala hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona huko Toledo, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi.

Upande wa Sham, katika karne ya 6 Hijriya, ash-Shayzari alimwandikia muhtasib kitabu cha kusimamia masoko, na humo mujabbir akawekewa sharti. Asiachwe kufanya kazi mpaka aijue makala ya sita ya kitabu cha Bulus wa Aegina, tabibu wa Kiyunani, na aijue idadi ya mifupa ya mwanadamu pamoja na umbo la kila mmoja. Wao waliihesabu 248. Leo kwa mtu mzima huhesabiwa 206. Tofauti hiyo haivunji hoja ya ash-Shayzari hata kidogo, kwani wanazuoni wetu wenyewe hawakuacha kuhakiki. Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyekuwa Misri wakati wa njaa kubwa ya mwaka 597 Hijriya, aliyatazama mafuvu mengi akakuta taya la chini ni mfupa mmoja, si miwili kama alivyodai Jalinus, akaliamini jicho lake.

Ama dhamana, asili yake ni hadithi ya Amr bin Shuaib iliyopokewa na Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, basi hulipa alichokiharibu. Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijriya (1350 Miladiya), ameifafanua katika Zadul-Maad. Anasema hukumu hii inamkusanya kila anayetibu: wa macho, wa majeraha, mpiga chuku, mwenye kuchoma kwa chuma, na mujabbir pia. Tabibu hodari aliyepewa idhini na mkono wake usivuke mpaka, halipi kinachotokea. Mjinga hulipa, isipokuwa mgonjwa aliujua ujinga wake akamruhusu hivyo hivyo. Lakini aliyemhadaa mgonjwa akadhani yeye ni mjuzi, huyo hana pa kukimbilia. Hapa ndipo pana uzito, kwa sababu kibao cha mlangoni na jina la "daktari" vinaweza kuwa ndiyo hadaa yenyewe.

Sasa tuje Marekani. D. D. Palmer, mtibu wa sumaku aliyekuwa kabla yake muuza vyakula, alianzisha kairopraktiki mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, baada ya kudai amemrudishia mtu usikivu kwa kusukuma pingili ya mgongo. Jina limetoka katika maneno ya Kiyunani ya mkono na kutenda. Alidai kuwa asilimia 95 ya maradhi hutokana na pingili zilizohama, na yaliyobaki hutokana na viungo vingine. Kwa hiyo kiwiko kiliachiwa sehemu ndogo. Mwaka 1906 alifungwa kwa kutibu bila leseni, na mwaka 1911 aliwaza kuifanya kazi yake dini ili aikwepe sheria. Muislamu achukue mkono na aiache falsafa. Wengi wa wafuasi wa fani hiyo wenyewe wameiacha.

Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko yalielezwa na Runge huko Ujerumani mwaka 1873, kwa watu waandikao sana, kabla hayajahusishwa na mchezo wa tenisi. Shida iko kwenye kano, wala si mfupa uliohama. Mwaka 1928 Mwingereza Mills alieleza namna ya kuunyoosha mkono ghafla, kiganja kikiwa kimekunjwa na kuelekezwa chini. Mwaka 2006 watafiti wa Australia waliwalinganisha wagonjwa 198. Waliochuliwa na kufanyishwa mazoezi walikuwa na nafuu zaidi baada ya wiki 6 kuliko walioachwa wangoje, lakini baada ya wiki 52 walikaribiana. Waliochomwa sindano ya steroidi walipata nafuu ya haraka, kisha wengi wakarudiwa na maumivu.

Kwa hiyo kutibiwa kwa mkono kunajuzu, kwa sharti lile lile la mujabbir: elimu, idhini na kutohadaa. Anayemwahidi mwenye kano iliyochoka kwamba atamponya kwa kumvunja shingo kwa mlio, kisha akamdhuru, ameingia katika dhamana.

Limebaki la udhu. Kiwiko ni katika vinavyooshwa kwa madhehebu yote manne, kinyume na Zufar. Mkanda wa kiwiko unaovulika bila madhara si jabira, basi uvuliwe. Ikiwa ni bandeji ambayo kuivua kunaogopewa, Mshafi ataosha palipo pazima, atapangusa juu yake na kutayamamu; na kwa kuwa mkono ni kiungo cha tayamamu, atazirudia Swala zake atakapopona. Kwa Mahanafi kupangusa kunatosha, na harudii.