Gari ya Marehemu Baba

Ukipita Tegeta kwa barabara ya Bagamoyo, huenda ukamkuta kijana akiifufua Volkswagen ndogo, mgongo wa kobe, aliyoachiwa na babake. Gari hizi zina tarehe kwetu: mwaka 1962 moja yao ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Injini i nyuma, yapozwa kwa upepo, haina rejeta ya kuchemka. Ziliacha kuundwa mwaka 2003, huko Mexico. Adui yake pwani ni kutu, hasa sakafuni.

Lakini kabla ya kukwangua kutu, uliza: madeni ya marehemu yamelipwa? Dada zako, waliotajiwa fungu lao katika Sura An-Nisaa, wamepewa au wameridhia? Hata ing'are vipi, gari iliyobeba haki ya ndugu ni mzigo mbele ya Mola.