Bura ya Taita: Mahali pa kula na vyakula vya kuulizia

MSAFIRI anayetoka Voi kuelekea Taveta hupita Bura kwa muda wa dakika chache tu. Mkono wake wa kulia huona milima ya Taita, na mkono wa kushoto nyika inayotandaa hadi mbuga ya Tsavo. Wengi hawasimami.

Watalii hupita wakiwa tayari wamefungiwa chakula cha mchana na hoteli walikolala, nao madereva wa malori hukaza mwendo ili wakale Mwatate au Taveta. Hivyo ndivyo ilivyozuka kauli kwamba Bura hakuna mahali pa kula.

Kauli hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba Bura si mji wa mikahawa mikubwa yenye orodha ndefu ya vyakula. Hata hivyo, eneo hili lina maakuli yake, na yaliyo bora zaidi hayamsubiri mgeni mezani. Huulizwa, na mara nyingi huagizwa siku moja kabla.

Makala haya yanaeleza mahali mgeni anapoweza kula akiwa Bura na viungani mwake, vyakula vya kuulizia, na mambo ya kuzingatia kabla ya kuketi.

BURA IPI?

Kenya ina Bura mbili zinazojulikana, na kuna wageni waliokwisha kuzichanganya. Moja iko katika Kaunti ya Tana River, na ni maarufu kwa mradi wa kilimo cha unyunyizaji. Inayozungumziwa hapa ni Bura ya Kaunti ya Taita Taveta, iliyo katika eneo la Mwatate.

Bura hii iko chini ya milima, katika barabara itokayo Voi kupitia Mwatate hadi Taveta kwenye mpaka wa Tanzania. Sehemu ya kati ya Mwatate na Taveta, iliyokuwa ya vumbi kwa miaka mingi, ilitiwa lami katika miaka ya 2010.

Anayetoka Nairobi au Mombasa anaweza kufika Voi kwa basi, au kwa gari la moshi la reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, kisha akaendelea kwa matatu. Reli ya zamani ya Voi hadi Taveta, iliyojengwa na jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo iliyoipa Bura kituo chake cha gari la moshi, lakini siku hizi msafiri hawezi kuitegemea.

MAHALI PA KULA

Mahali pa kwanza ni vibanda na hoteli ndogo za kando ya barabara. Hapa neno hoteli lina maana ya mahali pa kula, wala si lazima pawe na vyumba vya kulala. Asubuhi mgeni hupata chai ya maziwa, chapati, mandazi au mayai. Adhuhuri huwa ni ugali au wali kwa maharagwe, mboga za majani au mchuzi wa nyama.

Kama ilivyo katika miji mingi midogo ya Kenya, chakula hupikwa kwa kiasi kinachotarajiwa kuisha. Anayefika saa sita na nusu hupata chungu kikiwa kimejaa. Anayefika saa tisa huambiwa kilichobaki, na hana haki ya kununa. Jioni vibanda vingi hufungwa mapema, hivyo anayelala Bura anafaa kuuliza mapema atakula wapi usiku.

Mahali pa pili ni Mwatate, mwendo mfupi kwa gari kurudi upande wa Voi. Mji huu ndio makao makuu ya kaunti, na kwa sababu hiyo una hoteli nyingi zaidi zinazohudumia wafanyakazi wa ofisi, wa shamba kubwa la mkonge lililo karibu, na wasafiri wanaopanda kwenda Wundanyi. Mgeni anayetaka kuchagua, au aliye na kundi kubwa, atahudumiwa haraka zaidi Mwatate kuliko Bura.

Mahali pa tatu ni ndani ya hifadhi ya wanyamapori ya Taita Hills, iliyo mbele kidogo ya Bura ukielekea Taveta. Hifadhi hii ya kibinafsi ina ukubwa wa takriban ekari 28,000, na ndani yake kuna hoteli mbili za kitalii zilizoanzishwa katika miaka ya 1970. Inayojulikana zaidi ni Salt Lick, ambayo vyumba vyake vimejengwa juu ya nguzo ili wageni waone ndovu na nyati wakinywa maji chini yao.

Huko chakula ni cha kitalii, na bei pia ni ya kitalii. Asiyelala humo anapaswa kupiga simu mapema ili aulize kama atapokewa kwa chakula cha mchana, na kama atatakiwa kulipa kiingilio cha hifadhi juu ya bei ya chakula.

Mahali pa nne ni Voi, ambako ladha ya Pwani inatawala. Huko mgeni anaweza kuanza siku kwa mahamri na mbaazi zilizoungwa kwa nazi, na kula pilau au biriani mchana. Anayetaka kufika Bura akiwa ameshiba atafanya vyema kusimama Voi, lakini atakuwa amekula chakula cha Pwani, bado hajaonja cha Wataita.

KIMANGA, CHAKULA CHA KUAGIZA

Chakula ambacho mgeni wa Bura hapaswi kuondoka bila kukiulizia ni kimanga. Hiki ni chakula cha Wataita kinachopikwa kwa kuchanganya muhogo, ndizi mbichi au viazi vitamu pamoja na jamii ya kunde kama vile maharagwe, kunde au mbaazi. Vikishaiva hupondwa pamoja kwa mwiko hadi vishikane.

Uwiano wa viambato hubadilika kulingana na msimu na nyumba. Palipovunwa muhogo, muhogo hutawala. Penye migomba, ndizi ndizo huchukua nafasi. Kimanga huliwa kwa maziwa, kwa mboga za majani, au kwa mchuzi wa nyama panapokuwa na sherehe.

Sababu ya kimanga kukosekana katika vibanda vingi ni rahisi kueleweka. Kunde huhitaji kuchemshwa kwa muda mrefu, kuni au makaa ni ghali, na kuponda sufuria nzima ni kazi ya mikono yenye nguvu. Mwenye kibanda hupata faida ya haraka kwa kusonga ugali wa dakika chache kuliko kupika kimanga ambacho hana uhakika kitanunuliwa.

Kwa hiyo chakula hiki kimebaki majumbani, kwenye harusi na kwenye mikutano ya makanisa, huku mgeni akidhani hakipo. Mambo hubadilika pindi mtu anapoagiza. Mama mwenye kibanda akiambiwa leo kwamba kesho saa saba watakuja watu sita, na akalipwa sehemu ya fedha kabla, ana sababu ya kuloweka kunde usiku huohuo.

Kilicho hatarini hapa si ladha peke yake. Chakula kisichouzwa hakina wa kukifunza kwa malipo, na msichana anayeajiriwa kibandani hujifunza kupika kile tu kinachonunuliwa. Oda ya mgeni ni mojawapo ya mambo machache yanayoweza kukifikisha kimanga kwenye ubao wa hoteli.

VYAKULA VINGINE

Mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ambao wakazi wa bara huuita githeri na wengi wa Pwani huuita pure, hupatikana kwa urahisi zaidi. Ni chakula cha kushibisha, na bei yake huwa ya chini.

Mboga za majani za eneo hili zinafaa kuulizwa kwa majina yake: mchicha, mnavu, majani ya kunde, kisamvu na tembele. Mgeni akisema tu "mboga" huenda akaletewa sukuma wiki, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kila mahali.

Milima iliyo juu ya Bura hupata mvua nyingi kuliko nyika iliyo chini yake. Sehemu kama Wundanyi hukuza kabeji, viazi, ndizi na maparachichi, nayo nyanda za chini hutegemea mahindi, muhogo, mbaazi na ndengu zinazostahimili ukame. Sahani moja ya Bura inaweza kubeba mazao ya pande zote mbili.

Upande wa Taveta huleta ndizi kwa wingi, hasa baada ya siku za soko la huko ambazo ni Jumatano na Jumamosi. Samaki wa ziwa Jipe nao hutoka upande huo. Mgeni anayependa samaki aulize kwanza kama wamefika siku hiyo na wamehifadhiwa vipi, kwa maana safari ni ndefu na jua ni kali.

KAHAWA ILIYOANZIA HAPA

Jambo moja huwashangaza wengi. Misheni ya Kikatoliki ya Bura ilianzishwa mwaka 1892 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Historia ya kilimo cha kahawa nchini Kenya huitaja Bura miongoni mwa mahali pa kwanza mbegu zilipopandwa, mwaka 1893. Mbegu hizo za aina ya Bourbon zilitoka katika kisiwa cha Réunion.

Kutoka Bura zilipelekwa katika misheni ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi, na kutoka huko kilimo hicho kikaenea katika nyanda za juu. Hadi leo wataalamu wa kahawa hutumia jina la misheni ya Wafaransa kwa kahawa ya asili hiyo.

Licha ya historia hiyo, mgeni anayeomba kahawa katika kibanda cha Bura anaweza kuletewa maji moto na kahawa ya unga kutoka mkebeni. Utajiri wa kahawa ulihamia kwingine. Kinywaji cha hapa ni chai ya maziwa. Anayetaka kahawa iliyosagwa upya ajibebee, au aulizie katika hoteli za kitalii.

Wataita pia wana pombe yao ya jadi iitwayo mbangara, ambayo ina nafasi yake katika harusi na mazungumzo ya mahari. Mgeni akikaribishwa katika shughuli ya namna hiyo, ni heshima. Kununua pombe ya kienyeji kwa mtu asiyemjua ni jambo la kuepukwa.

NDOVU NA SAHANI YA MUHOGO

Mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, huchukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Wakulima wamebaki na sehemu ndogo, na sehemu hiyo inapakana na wanyama.

Ndovu wakiingia shambani usiku, mahindi, ndizi na mihogo ya msimu mzima inaweza kuisha kabla ya mapambazuko. Familia nyingi hukesha zikilinda mazao yanapokaribia kuiva. Mgeni anayeuliza mbona muhogo umepanda bei au ndizi hazipo leo, huenda akajibiwa kwa neno moja: ndovu.

Ni vyema alijue hilo kabla ya kubishania shilingi chache. Watalii huja kwa sababu ya ndovu huyohuyo, lakini fedha wanazolipa katika malango ya mbuga hazimfikii moja kwa moja mama aliyepoteza shamba. Fedha ya chakula kilichonunuliwa kibandani humfikia papo hapo.

TAHADHARI KUHUSU NYAMA

Nyama ya mbuzi na ya ng'ombe huuzwa kwa kilo buchani, na mteja anaweza kuomba ichomwe au ichemshwe, kisha akaletewa na ugali na kachumbari. Kuchoma huchukua muda, hivyo mwenye haraka aagize kitu kingine.

Aidha, nyama inunuliwe katika bucha yenye leseni, na iwe na muhuri wa mkaguzi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatoa adhabu kali kwa anayepatikana na nyama ya porini. Mgeni akiuziwa kando ya njia nyama ya bei ya chini isiyojulikana imetoka wapi, aikatae. Kusema kwamba hakujua hakutamwokoa mbele ya askari wa wanyamapori.

ADABU NA MALIPO

Salamu hutangulia swali la chakula. Mwenye kibanda huitwa mama, na mwanamume mwenye umri huitwa mzee. Baada ya salamu, swali linalofaa ni "Mama, leo kuna nini?" badala ya kudai chakula ambacho huenda hakijapikwa.

Bei iulizwe kabla ya kula. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, hutumika hata katika vibanda, ila mgeni awe pia na noti ndogo ndogo kwa vile chenji huwa tabu. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa.

Jumapili ni siku ya ibada, na wengi hula nyumbani baada ya misa. Anayepanga kufika siku hiyo aagize tangu Jumamosi. Aidha, anayekuja na kundi apige simu au amtume mtu siku moja kabla, aseme idadi ya watu na saa ya kufika, atoe malipo ya awali, kisha afike kwa wakati. Kimanga kikipoa hugumu, na aliyekipika atakuwa ameamka alfajiri kwa ajili yake.