Nani Alikwambia Faili Imefika?

Nianze na aibu yangu. Nilirekodi harusi ya binamu yangu, nikahamisha video kwa flashi. Ule mstari ukajaa mbio, asilimia 100. Nikachomoa, nikaenda zangu. Kufika kwa shangazi, video inacheza nusu, halafu giza. Shangazi alinyamaza tu, na mnajua kunyamaza kwa shangazi. Nikalaumu flashi. Kumbe nilidanganywa na kompyuta yangu mwenyewe.

Huu uongo una historia. Mapema miaka ya 1970, pale Bell Labs huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakijenga mfumo wa Unix. Diski zilikuwa polepole sana kuliko kumbukumbu ya kompyuta. Kwa hivyo programu ikisema "andika", mfumo unaweka data kwa kumbukumbu kwanza, unajibu "sawa", halafu unaipeleka diski baadaye. Hiyo ndiyo kache. Ni kama kumwachia kondakta mzigo steji: wewe umemaliza, lakini mzigo bado haujafika Kisumu.

Wengi walifurahi. Watu wa hifadhidata, zile programu za kutunza rekodi, hawakufurahi. Mwaka 1981 Michael Stonebraker wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mmoja wa waliojenga INGRES, aliandika makala ya kulalamika. Hoja yake: mfumo unaamua wenyewe kipi kikae kwa kumbukumbu na kipi kitoke, na haujui hifadhidata itataka nini baadaye. Tena hifadhidata inahitaji kuamuru, "hii iandikwe diski sasa hivi." Fikiria rekodi za benki, umeme upotee mzigo ukiwa bado kwa kondakta.

Basi watu wakatafuta njia ya kumruka kondakta. Linux ilipata yake mwaka 2001, kwenye toleo la 2.4.10. Inaitwa O_DIRECT. Data inatoka kwa programu moja kwa moja hadi diski.

Sasa hapa ndipo watu walichanganyikiwa. Ukimtoa mtu wa kati, si mambo yanafaa kuenda haraka? Wakapima, wakakuta kasi imeanguka vibaya. Eti diski imeharibika?

Hapana. Piga hesabu. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. Programu ikiandika kilobaiti 4, ingoje jibu, ndio iandike zingine, ile nafasi inayofuata itakuwa imeshapita. Inabidi ingoje mzunguko mzima. Hiyo ni kilobaiti 480 kwa sekunde, kwa diski inayoweza kupitisha zaidi ya megabaiti 100! Kache ilikuwa inakusanya vipande vidogo na kuvituma pamoja. Ukiiruka, kazi hiyo ni yako. Tuma vipande vikubwa, vingi kwa pamoja, na kasi inarudi.

Na ujanja hauishii hapo. Diski nyingi zina kache yao ndani. Kwa hivyo hata ukimruka kondakta wa kwanza, kuna mwingine mlangoni, na yeye pia anaweza kusema "sawa" kabla ya kuandika. Ndio maana watu wawili wanapima diski zinazofanana na kupata majibu tofauti kabisa.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakuficha kwamba anaona muundo wa O_DIRECT ni wa kipuuzi. Mimi sichukui upande. Bila kache, kompyuta zetu zingetambaa kama konokono. Lakini naona tumezoea kusifu kasi bila kuuliza ni kasi ya nini. Mara nyingi unayoonyeshwa ni kasi ya kupokea mzigo, si ya kuufikisha.

Kwa hivyo kabla uchomoe flashi, bonyeza ile sehemu ya kuiondoa salama, ungoje ikubali. Ni sekunde chache tu. Harusi ya binamu yangu hairudiwi.