Svalbard: Makaa yamekwisha, bahari inagombewa

Mwishoni mwa Juni 2025 kampuni ya Store Norske ilifunga Mgodi Namba 7, mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe wa Norwei katika visiwa vya Svalbard. Kazi ya zaidi ya karne moja ikaishia hapo. Walibaki Warusi wa makazi ya Barentsburg, ambao bado wanachimba. Visiwa hivi havijawahi kuwa na wenyeji wa asili, na kwa miaka 400 karibu kila aliyetia nanga huko alifuata kitu cha kuchukua. Kwa hiyo kufungwa kwa mgodi hakukumaliza ugomvi wa Svalbard. Umehamia baharini, na joto linaloyeyusha barafu ndilo linalouchochea.

Svalbard ipo baina ya Norwei bara na Ncha ya Kaskazini. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 61,000, na zaidi ya nusu ya ardhi hiyo imefunikwa na barafu ya milimani. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupita pwani yake ya magharibi, ndiyo maana meli ziliweza kufika huko mapema kuliko sehemu nyingine za kaskazini ya mbali. Mholanzi Willem Barentsz aliviona visiwa hivyo mwaka 1596, na miaka 15 baadaye Waingereza walikuwa wamekwisha kuanza kuvua nyangumi. Waholanzi, Wadenmark, Wafaransa na Wabaski wakafuata. Waingereza na Waholanzi walifukuzana, wakanyang'anyana shehena na hata kupigana mizinga kwa ajili ya ghuba za kuyeyushia mafuta. Walipokwisha kugawana ghuba, nyangumi nao walikuwa wanakwisha. Nyangumi wa kichwa kikubwa waliojaa katika maji hayo walivuliwa hadi wakakaribia kutoweka, na hadi leo hawajarudi katika wingi wao. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila anayedai haki ya kuvuna huko sasa.

Makaa ya mawe yaliamsha ushindani wa pili. Mwaka 1899 nahodha Mnorwei Søren Zachariassen alipeleka bara shehena ya kwanza ya biashara. Mwaka 1906 Mmarekani John Munro Longyear akaanzisha kampuni na makazi ambayo leo ni mji wa Longyearbyen, na mwaka 1916 Wanorwei wakanunua mali zake. Hapakuwa na serikali, polisi wala hati ya kumiliki ardhi. Mchimbaji alisimamisha kibao chenye jina lake na kudai eneo. Mipango ya Norwei, Uswidi na Urusi kutawala kwa pamoja ilivunjwa na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Suluhu ilipatikana Paris tarehe 9 Februari 1920, na juhudi za balozi wa Norwei, Fritz Wedel Jarlsberg, zilichangia sana kuifikia. Mkataba wa Svalbard ni mfupi, una ibara 10 tu, lakini ulibuni kitu kisichokuwa cha kawaida. Norwei ilipewa mamlaka kamili juu ya visiwa. Kwa upande wao, raia wa nchi zote zilizotia saini walipata haki sawa ya kuvua, kuwinda, kuchimba madini na kufanya biashara. Kodi inayokusanywa Svalbard hutumika Svalbard tu, na visiwa havitumiki kwa malengo ya vita. Urusi haikuwepo Paris kwa sababu ya mapinduzi yake. Umoja wa Kisovieti ulijiunga mwaka 1935. Leo mkataba huo una wanachama zaidi ya 40, na unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, kwa kuwa ulizuia vita vya kugombea ardhi hata katika miaka ya Vita Baridi, Wanorwei na Wasovieti walipochimba makaa wakiwa majirani. Maafa mengine hata hivyo yalivifikia visiwa: Vita vya Pili vya Dunia viliunguza miji ya Svalbard, na mlipuko wa mgodi wa makaa wa Ny-Ålesund mwaka 1962 uliua watu 21 na kusababisha kuanguka kwa serikali ya Norwei mwaka uliofuata.

Waandishi wa mkataba, hata hivyo, walitaja visiwa na maji yake ya karibu tu. Enzi zao hapakuwa na sheria ya maili 200 za baharini. Mwaka 1977 Norwei ilitangaza eneo la ulinzi wa samaki la upana huo kuzunguka Svalbard, ikasema kwamba haki sawa za mkataba hazifiki huko. Moscow haikulikubali eneo hilo. Kwa miaka mingi walinzi wa pwani wa Norwei waliwaonya Warusi bila kuwakamata, hadi meli ya Kirusi iitwayo Chernigov ilipokamatwa mwaka 2001 na kuzua hasira kubwa Urusi.

Kisa kilichotikisa mataifa yote mawili ni cha Elektron. Oktoba 2005 wakaguzi wawili wa Norwei walipanda meli hiyo ya Kirusi katika eneo la Svalbard, wakakuta nyavu zenye matundu madogo kuliko yanayoruhusiwa. Nahodha Valery Yarantsev aliamriwa kuelekea bandari ya Tromsø. Alianza safari, kisha akageuza usukani kuelekea Urusi huku wakaguzi wakiwa bado ndani. Meli za walinzi wa pwani, helikopta na ndege ya doria zikamfuata kwa siku kadhaa katika Bahari ya Barents. Dhoruba ilifanya kuipanda meli hiyo kwa nguvu kuwa hatari, na kutumia silaha dhidi ya meli yenye maofisa wao wenyewe halikuwa jambo la kufikirika. Elektron iliingia maji ya Urusi. Wakaguzi wakakabidhiwa kwa meli ya kivita ya Urusi na kurudishwa salama.

Nyumbani Yarantsev alishangiliwa na wengi kama shujaa. Mwaka 2007 mahakama ya Kirusi ilimwachia kwa shtaka la kuwashikilia wakaguzi, lakini ikamtoza faini ya rubli 100,000 kwa uvuvi haramu. Hukumu hiyo ilibeba jambo zito: hata upande uliokataa mamlaka ya Norwei ulikiri kwamba samaki wachanga hawapaswi kukokotwa. Serikali zilitulia haraka, maana zinasimamia kwa pamoja samaki wa Barents tangu miaka ya 1970.

Wakati huo bahari yenyewe ilikuwa inabadilika. Svalbard ni miongoni mwa sehemu zinazopata joto kwa kasi kubwa kabisa duniani. Tarehe 25 Julai 2020 kipimo cha Longyearbyen kilisoma nyuzijoto 21.7, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa hapo. Desemba 2015 poromoko la theluji liliua watu wawili mjini. Mwaka 2016 maji yaliingia katika njia ya kwenda kwenye hifadhi ya mbegu ya dunia, iliyofunguliwa mwaka 2008 kwa masanduku ya mpunga yaliyobebwa ndani na Waziri Mkuu Jens Stoltenberg pamoja na Profesa Wangari Maathai wa Kenya, lakini mbegu hazikuguswa. Barafu ya bahari ikipungua, samaki wanasogea kaskazini na meli zinawafuata.

Kaa wa theluji alionekana Barents kwa mara ya kwanza mwaka 1996, akaongezeka hadi kuwa biashara. Sheria ya bahari humhesabu kuwa kiumbe anayekaa kwenye sakafu ya bahari, hivyo anamilikiwa na mwenye sakafu, sawasawa na mafuta na gesi. Ndiyo sababu meli ya Latvia iitwayo Senator, iliyokamatwa Januari 2017 ikiwa na leseni ya Umoja wa Ulaya, ilivuta macho ya wanasheria wengi. Mahakama ya Juu ya Norwei ilisema mwaka 2019 kwamba kibali cha Norwei kilihitajika, na Machi 2023 ikaamua kwamba haki sawa za mkataba wa 1920 haziigusi sakafu ya bahari nje ya maji ya karibu ya visiwa.

Uamuzi huo ni wa mahakama ya nchi moja, inayohukumu madai ya nchi yake. Januari 2024 bunge la Norwei liliruhusu utafutaji wa madini katika eneo pana la sakafu ya bahari, sehemu yake ikiwa jirani na Svalbard, na Urusi ikapinga. Desemba ya mwaka huo utoaji wa leseni ulisitishwa, baada ya chama kidogo kuuweka kuwa sharti la kuunga mkono bajeti. Hakuna nchi mwanachama wa mkataba iliyolipeleka suala la sakafu hiyo katika mahakama ya kimataifa.