Bunduki ya zamani iliyokarabatiwa: namba zake zinasema nini?

Lee-Enfield ndiyo bunduki waliyobeba askari wa KAR katika Vita vya Pili vya Dunia. Aina yake ya No. 4 ilitengenezwa Uingereza, Kanada na Marekani, na baada ya vita nyingi zilirudishwa kiwandani kukarabatiwa. Hizo ziligongwa herufi FTR, mara nyingi pamoja na mwaka wa matengenezo.

Katika matengenezo, vipuri vya bunduki tofauti huchanganyika. Kitako kikitoka kwingine, si hatari. Cha kuangalia kwanza ni bolti, yaani chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu. Namba iliyo kwenye mkono wa bolti inapaswa kufanana na ile iliyo ubavuni mwa bunduki, karibu na kitako. Zikitofautiana, bolti hiyo si yake.

Kichwa cha bolti kina vipimo vinne, 0 hadi 3. Namba ikipanda, kichwa ni kirefu zaidi. Kikiwa kifupi mno, nafasi hubaki nyuma ya risasi, ganda huweza kupasuka, na gesi ya moto ikamrukia mpigaji usoni. Usikibadilishe kwa kukisia. Fundi wa silaha mwenye leseni hupima kwa geji kabla bunduki haijafyatuliwa.