Nambari ya Baada ya Futari: Imetoka Wapi?

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi siku hizi mna mashine ndogo ya kupima sukari. Unadunga kidole, unaweka tone la damu, na mara nambari inatokea. Je, wajua wanadamu waliingoja nambari hiyo kwa muda gani?

Matabibu wa India ya kale waligundua kwamba mkojo wa baadhi ya wagonjwa huvuta sisimizi, wakayaita maradhi hayo mkojo wa asali. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika kitabu chake Al-Qanun. Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, naye akayaandikia risala nzima.

Lakini wote hao walitegemea mkojo, na mkojo huchelewa kusema. Kwa kawaida figo huanza kuachilia sukari pale inapozidi kama 10 katika damu. Yaani mtu mwenye 9 saa mbili baada ya kula angeambiwa ni mzima, na kumbe sivyo!

Mwaka 1776, daktari Matthew Dobson wa Liverpool, Uingereza, alikausha mkojo wa mgonjwa kwa moto akabakiwa na sukari. Akaona pia maji ya damu yake yana utamu. Basi ikajulikana kuwa sukari imo katika damu yenyewe.

Mwaka 1921 Banting na Best walipata insulini huko Toronto, Canada. Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, akadungwa akaokoka. Dawa imepatikana, lakini kipimo cha damu cha nyumbani bado. Vijiti vya kupimia tone la damu vilitoka miaka ya 1960, na mashine zikaenea majumbani miaka ya 1980.

Sasa nambari hiyo yasemaje? Sukari kupanda baada ya kula si ugonjwa, kila mtu humpanda. Kwa mtu mwenye afya, saa mbili baadaye huwa imeshuka chini ya 7.8. Aliye na maradhi ya sukari, madaktari wengi humtakia isizidi 10 saa moja au mbili tangu aanze kula. Ukiwa hujaambiwa una sukari na ukaona 7.8 au zaidi baada ya saa mbili, usipuuze. Nenda hospitali ukapimwe sawasawa.

Wengi wetu hupima kabla ya Maghrib tu. Wakiona nambari nzuri, haya, kaimati, mahamri na sharubati! Kipimo cha kabla ya kula hakiwezi kukueleza futari imekufanya nini. Pima tena saa mbili baadaye, na kesho punguza kilichokupandisha.

Kudunga kidole hakubatilishi saumu, ndivyo wanavyosema wanazuoni wengi. Na mgonjwa aliyefunga akiona chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, afungue hapo hapo, kwani dini yetu imempa ruhusa.

Nawe kijana, usiku huu baada ya futari mshike mama au baba mkono umpime. Ibn Sina, pamoja na elimu yake yote, hakuwa na njia ya kuipata nambari hiyo. Wewe unayo kabatini.

Allah atujaalie afya na saumu yenye kukubaliwa. Amin.